Waroma walitoka wapi, na DNA yao inasema nini?

Swali: Mimi ni Mkenya, muuguzi katika hospitali ya watoto hapa Ujerumani. Wodini kwetu amelazwa mtoto wa familia ya Waroma, jamii ambayo Waingereza huiita Gypsy (si watu wa mji wa Roma). Kope zinamwangukia, na misuli inachoka haraka hata kunyonya ni shida. Kabla ya kuagiza kipimo cha jeni, daktari aliwauliza wazazi kama wana asili ya Kiroma. Mama, ambaye ni mweupe mwenye nywele za kahawia kama Mjerumani yeyote, alikasirika sana. Baadaye mwenzangu mmoja aliniambia hao ni Wahindi, mwingine akasema ni Wamisri. Nani mkweli? Na kuna haja gani ya kumwuliza mgonjwa asili yake?

Jibu: Dada yangu, aliyesema Wahindi yuko karibu na ukweli kuliko yule wa Misri, ila akiishia hapo atakuwa amekupa nusu ya habari. Mababu wa Waroma walitoka kaskazini magharibi mwa Bara Hindi yapata miaka elfu moja iliyopita, wakiwa kundi dogo. Walipita Uajemi na nchi ya Waarmenia, wakakaa muda mrefu katika milki ya Bizanti (Ugiriki na Uturuki za leo), kisha kuanzia karne ya 14 na ya 15 wakaenea Ulaya nzima hadi Uskoti na Uswidi. Njia nzima walizaa na wenyeji, kwa hiyo sehemu kubwa ya DNA ya Mroma wa leo si ya Kihindi. Mtu yuleyule ana ukoo wa Punjab na ukoo wa Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya. Acha nikueleze tunajuaje, maana ushahidi wenyewe ni mzuri kuliko hitimisho, halafu nitarudi kwa huyo mama.

Hadithi ya Misri ilienezwa na Waroma wenyewe. Agosti 1427 watu kumi na wawili waliingia Paris wamepanda farasi, mmoja akijiita duke, yaani kabaila mwenye nchi yake, wakisema wao ni Wakristo wa Misri ya Chini. Walieleza kwamba waliikana imani yao walipovamiwa na Waislamu, wakatubu, na Papa akawapa adhabu ya kutembea duniani miaka saba bila kulala kitandani. Siku chache baadaye wenzao wakafika, kati ya mia moja na mia moja na ishirini hivi, wakapangiwa La Chapelle, nje ya mji. Mkazi mmoja wa Paris aliyekuwa akiandika shajara alieleza masikio yaliyotobolewa na pete za fedha ndani yake, nywele nyeusi, na umati wa watu wa mjini waliokwenda kutazamiwa viganja. Askofu naye akaenda, akawatenga na kanisa waliotazama viganja na waliotazamiwa, na wageni wakalazimika kuondoka.

Simwoni mtu wa kuwalaumu kwa hadithi ile. Ulaya ya wakati ule ilimpa chakula na pa kulala mtu aliye katika hija ya toba. Mgeni asiye na sababu alifukuzwa. Tangu 1417 makundi yao yalionekana Ujerumani yakiwa na barua za ulinzi za Mfalme Sigismund. Tena hawakuitoa Misri hewani: huko Modon, bandari ya kusini mwa Ugiriki walikokuwa na makazi nje ya ukuta wa mji, palijulikana kwa jina la Misri Ndogo. Majina ya Gypsy kwa Kiingereza na Gitano kwa Kihispania yalizaliwa na hadithi hiyo. DNA haionyeshi Misri hata kidogo.

India iligunduliwa kupitia lugha, muda mrefu kabla ya mtu kuwaza kupima jeni. Mwaka 1782 Johann Rüdiger, mwanazuoni wa mji wa Halle, alichapisha insha iliyolinganisha maneno aliyoyapata kwa mwanamke Mroma na sarufi ya Kihindustani. Maneno ya nyumbani kabisa yalifanana: maji ni pani, pua ni nakh, jicho ni jakh. Hesabu yao ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu Mswahili ataielewa upesi kuliko Mzungu. Wanahesabu jekh, duj, trin, štar, pandž, šov, na hapo hujatoka India. Kisha wanasema efta, oxto, enja, yaani saba, nane na tisa za Kigiriki. Kumi wanarudi India: deš. Ndivyo sisi tunavyohesabu moja mpaka tano kwa Kibantu, tukachukua sita, saba na tisa za Waarabu, halafu kumi ikawa yetu tena. Hakuna anayesema Waswahili ni Waarabu kwa sababu ya saba. Tunasema walikaa nao muda mrefu, wakifanya biashara na kuoana. Efta, oxto na enja zinatuambia jambo hilohilo kuhusu Waroma na Wagiriki.

Maneno ya kuazima ni alama za njia. Grast, farasi, lilitoka kwa Waarmenia. Ambrol, tunda la peasi, kwa Waajemi. Drom, njia, na foro, mji, kwa Wagiriki. Kiarabu cha zamani karibu hakimo. Hili lina uzito, kwa sababu kuna wanaowaunganisha Waroma na Wazutti, watu wenye asili ya India walioasi katika mabwawa ya kusini mwa Iraki wakashindwa na Waabbasi mwaka 834, miaka 35 kabla ya Wazanji, watumwa kutoka Afrika Mashariki, kuasi mabwawani mlemle mwaka 869. Ni simulizi ya kusisimua, lakini watu walioishi vizazi kadhaa chini ya dola ya Kiarabu wangebeba maneno yake mengi. Mimi siikubali.

Sasa damu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Ludwik na Hanka Hirszfeld walipima makundi ya damu ya wanajeshi wa mataifa mengi waliokusanyika Salonika, mji wa Ugiriki, wakachapisha matokeo mwaka 1919: kundi B lilikuwa nyingi sana kwa wanajeshi wa Kihindi kuliko kwa Wazungu. Muda mfupi baadaye, huko Debrecen nchini Hungaria, watafiti wawili walipima Waroma, Wahungaria na Wajerumani waliokuwa wakiishi eneo moja. Waroma wakaonekana kufanana na wale Wahindi wa Salonika kuliko majirani zao wa mtaa wa pili. Ulikuwa ushahidi mwembamba, kwa sababu kundi B halina uraia, ila uliunga mkono kilichosemwa na lugha.

Ushahidi mnene ulikuja na kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume, na DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulichunguza makundi 14 ya Waroma. Tawi moja la Y, linalojulikana leo kama H-M82, lilipatikana katika makundi yote 14 na kuwa asilimia 44.8 ya wanaume waliopimwa. Tawi hilo ni la Bara Hindi. Kwa Wazungu wasio Waroma ni adimu mno. Upande wa mama, tawi M la Asia lilikuwa asilimia 26.5. Usikimbilie kusema kwamba wanaume wa Kihindi walioa wanawake wa Ulaya na basi. Kuna matawi mengine ya mitokondria ya India yasiyo M, kwa hiyo hesabu hiyo inawapunja akina mama. Hata hivyo mwelekeo upo: nasaba za kike za wenyeji ziliingia kwa wingi zaidi.

Kilichonishangaza katika utafiti ule ni kwamba wanaume waliokuwa na H-M82 walifanana mno. Makundi yaliyotengana kwa dini, kwa lahaja, kwa kazi na kwa mipaka ya nchi, mengine yakikataa hata kuoana, yalibeba toleo karibu moja la Y. Ukichota kibaba kimoja cha mbegu kutoka ghala lenye aina mia, shamba lote litafanana na kibaba, wala halitafanana na ghala. Ndivyo ilivyokuwa. Waroma wote wa Ulaya wametokana na kundi moja dogo lililotoka India, kisha likagawanyika njiani.

Na hapa ndipo mgonjwa wako anapoingia. Kibaba kile kilibeba pia kasoro chache za jeni, ambazo kila taifa linazo. Jeni iitwayo CHRNE hutengeneza sehemu ya kipokeo cha msuli kinachopokea ujumbe wa neva. Waroma wengi wenye ugonjwa wa kulegea misuli wa kuzaliwa wamepoteza herufi moja ya jeni hiyo, G ya nafasi ya 1267. Wagonjwa kutoka India na Pakistani wamekutwa na upungufu uleule, na, jambo la maana zaidi, sehemu za kromosomu zinazouzunguka ni zilezile. Kama kosa lingetokea mara mbili katika nchi mbili, jirani zake wasingefanana. Lilitokea mara moja tu, kwa mtu mmoja aliyeishi India kabla ya safari, na wazao wake wengine walibaki huko.

Mtafiti aliyetufundisha mengi kuhusu hili ni Luba Kalaydjieva, Mbulgaria aliyefanya kazi Australia. Yeye na wenzake walieleza ugonjwa wa neva za mikono na miguu waliouona kwa Waroma wa Lom, mji ulio kando ya mto Danubi, wakaupa jina la mji huo. Baadaye ugonjwa huohuo, wenye kosa lilelile, ukaonekana kwa Waroma wa Italia na Hispania, watu ambao hawajawahi kusikia habari za Lom. Mwaka 2004 kundi hilo la watafiti lilitumia kasoro kadhaa za aina hii kama saa, likakadiria kwamba jamii ya Waroma iliundwa vizazi 32 hadi 40 vilivyopita. Ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, ni miaka 800 hadi 1,000.

Saa hiyo inafanya kazi hivi. Kila kizazi, kromosomu za baba na za mama hukatwa na kuunganishwa upya kabla ya kwenda kwa mtoto. Kipande kilichotoka kwa babu wa India kinaanza kikiwa kirefu, na kila kizazi kinazidi kukatika. Pima urefu wa vipande vilivyobaki kwa watu wa leo na utajua vimekatwa mara ngapi. Ni njia ileile iliyotumika katika utafiti wa mwaka 2023 juu ya mifupa ya Waswahili wa kale wa Mtwapa, Manda na Kilwa, ikaonyesha kwamba mababu wa Kiafrika, wengi wao wanawake, na wanaume kutoka Uajemi walianza kuzaa pamoja karibu na mwaka 1000.

Mwaka 2012 ulikuja utafiti wa jenomu nzima, yaani wa alama kutoka kromosomu zote, kwa watu 152 wa makundi 13 ya Waroma kutoka pande zote za Ulaya. Ulisema mababu walitoka kaskazini au kaskazini magharibi mwa India yapata miaka 1,500 iliyopita, na kwamba mtawanyiko kutoka Balkani ulianza kama miaka 900 iliyopita. Mwaka uliofuata utafiti mwingine, wa watu 27 tu, ulikadiria kwamba mchanganyiko wa damu ya India na ya Ulaya ulianza miaka 850 hivi iliyopita.

Utaona tarehe hazilingani, na magazeti yalipenda sana hiyo 1,500. Mimi nina shaka nayo. Anachopima mtaalamu wa jeni ni lini mababu wa Waroma waliacha kuzaliana na mababu wa wale Wahindi waliopimwa. Watu wanaweza kuacha kuoana miaka mia tano kabla ya mmoja wao kufunga mzigo. India yenye matabaka yake inajua hilo kuliko nchi yoyote. Lugha, kwa upande wake, inavuta tarehe mbele. Lugha za kale za India zilikuwa na jinsi tatu za nomino. Lugha za kaskazini zilibakiwa na mbili katika mabadiliko yaliyokamilika kuelekea mwaka 1000 hivi, na Kiromani, lugha ya Waroma, kina mbili, zilizopangwa kwa namna inayofanana na Kihindi. Walioondoka karne ya 5 wangekosaje kubaki na ile ya tatu? Naamini kutengana kulianza mapema na safari ikaja baadaye, karibu na mwaka 1000. Kufikia 1322 mtawa wa Kiayalandi, Symon Semeonis, alikutana Krete na watu wanaohamahama na mahema madogo meusi, ambao wanahistoria wengi wanawahesabu kuwa Waroma.

Kuhusu mahali nina tahadhari ileile. Tafiti nyingi zinaonyesha Punjab, na mara nyingi watu wa Punjab wanaotumika kulinganisha ni wa Lahore, ambayo sasa iko Pakistani. Ralph Turner, aliyesoma lugha za India maisha yake yote, alionyesha mwaka 1926 kwamba Kiromani kilizaliwa katikati mwa India kaskazini, kisha kikapata tabia za kaskazini magharibi. Kwa hiyo Punjab inaweza kuwa kituo cha mwisho kabla ya kuvuka, ambako kundi lilikaa na kuoa. Kama walikuwa tabaka la wapiga ngoma na wahunzi au askari wa Rajput waliokimbia majeshi ya Mahmud wa Ghazni, mtawala aliyeivamia India, ni mabishano yenye hisia kali, kwa sababu kila upande unatafuta heshima ya mababu. H-M82 imeenea kwa matabaka mengi mno ya India kuweza kuamua kesi hiyo.

Turudi kwa weupe wa huyo mama. Ule utafiti wa watu 27 ulitoa takwimu inayonukuliwa vibaya kila siku: asilimia 80 ya nasaba ya Waroma ni ya magharibi mwa Eurasia, yaani Ulaya na Mashariki ya Kati pamoja na jirani zake. Watu husoma hapo wakasema basi ni Wazungu kwa asilimia 80. Hapana. Wakazi wa kaskazini magharibi mwa India wenyewe wana sehemu kubwa ya nasaba hiyo tangu maelfu ya miaka iliyopita, na Waroma walitoka nayo kwao. Iliyobaki waliipata njiani na Ulaya, hasa Ulaya ya mashariki. Tena haigawanyiki sawa kwa kila kundi: wengine walichanganyika mapema wakafunga milango, wengine wameendelea mpaka bibi na babu wa juzi.

Ulaya imelipa gharama kwa kutolijua hili. Oktoba 2013 polisi wa Ugiriki waliingia kambi ya Waroma karibu na Farsala, wakamwona binti mdogo mwenye nywele za dhahabu, wakamchukua kwa tuhuma kwamba ameibiwa. Picha yake ilizunguka dunia nzima. DNA ikaonyesha wazazi wake waliomzaa ni Waroma wa Bulgaria. Mwezi huohuo, nchini Ireland, watoto wawili wa Kiroma wenye nywele za rangi hiyo walitolewa mikononi mwa wazazi wao. Ikathibitika ni watoto wao wa kuwazaa, wakarudishwa. Fikiria usiku ule kwa mtoto.

Kwa nini basi kasoro za kibaba kile zimedumu miaka elfu? Baadhi ya waganga watakujibu, kwa kifupi cha kuudhi, kwamba Waroma wanaoana ndani kwa ndani. Jibu hilo linaficha nani aliyefunga mlango. Mwaka 1385 hati ya Wallachia, sehemu ya Romania ya leo, inaorodhesha familia 40 za Waroma zilizotolewa zawadi kwa nyumba ya watawa, watu na vizazi vyao, kama ng'ombe. Utumwa huo wa Wallachia na Moldavia, chini ya wafalme, makabaila na watawa, ulidumu mpaka 1855 na 1856. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1530 ya kuwafukuza, na ya 1554 ikaweka adhabu ya kifo kwa atakayebaki. Hispania, Julai 1749, iliwakamata Wagitano nchi nzima kwa operesheni moja ya siri, wanaume wakapelekwa upande wao na wanawake na watoto upande mwingine, ili kizazi kikome. Mwaka 1942 Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, aliamuru wapelekwe kambi ya mauaji ya Auschwitz, na usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 wale waliobaki katika kambi yao, zaidi ya watu 4,000, wengi wao wazee, wanawake na watoto, waliuawa kwa gesi. Makadirio ya waliouawa katika miaka ya Wanazi ni kati ya 200,000 na 500,000. Kila kufukuzwa kulilimega kundi dogo kutoka kundi dogo, na kila umegaji huzipandisha kasoro chache na kuzipoteza nyingine kwa bahati tu. Jenomu za Waroma zina vipande virefu vinavyofanana kutoka kwa baba na mama, na mimi ninapoviona nasoma humo hizo sheria.

Hasira ya mama yule ina mizizi hapo pia. Taasisi ya Robert Ritter, mjini Berlin, ilizunguka Ujerumani tangu 1936 ikiwapima vichwa, ikichukua damu na kuandika koo za Waroma na Wasinti, ndugu zao waliokaa Ujerumani tangu zamani. Msaidizi wake Eva Justin aliongea Kiromani na watoto walimzoea. Majalada yalifikia karibu 24,000. Ritter aliwahesabu zaidi ya asilimia 90 kuwa machotara, na kwake uchotara ulikuwa ndio hatari kubwa. Karatasi zile zilitumika kuwapata waliopelekwa kambini. Baada ya vita Ritter na Justin wote walipata kazi katika idara ya afya ya mji mmoja, na serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikiri mauaji hayo kuwa ya kimbari mwaka 1982 tu. Kwa hiyo mtu mwenye koti jeupe, kalamu mkononi, anayeuliza "ninyi ni Waroma?" anamkumbusha mama huyo kitu alichosimuliwa na bibi yake.

Wala si mambo ya zamani pekee. Mwaka 2007 polisi mwanamke aliuawa Heilbronn, hapa Ujerumani, na DNA ya mwanamke asiyejulikana ikapatikana hapo na katika matukio mengine mengi. Wachunguzi waliwageukia Waroma na Wasinti wanaosafiri. Mwaka 2009 ikabainika DNA ile ni ya mfanyakazi wa kiwanda kilichofunga vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Nasi wanasayansi tuna deni letu. Uchambuzi wa tafiti zaidi ya 450 zilizowahusu Waroma, uliochapishwa mwaka 2021 na Veronika Lipphardt, Mihai Surdu na wenzao, ulionyesha ridhaa iliyoandikwa ovyo au isiyokuwapo, na tabia ya watafiti kwenda kuchukua damu katika vijiji vilivyojitenga zaidi, wakiwaacha wenye mchanganyiko, kisha kutangaza kwamba Waroma wamejitenga. Lawama hiyo ni ya haki, nami nazisoma tafiti nilizokutajia nikiikumbuka. Kuna Waroma milioni 10 hadi 12 Ulaya, na watu 152 hawawezi kuwasemea wote.

Kutokana na hayo utaelewa kwamba hakuna kipimo cha DNA kinachomwonyesha nani ni Mroma. Kinaonyesha sehemu za nasaba. Mwenye H-M82 anaweza kuwa Mhungaria asiyejua, na mwana wa Kiroma aliyelelewa kwa Kiromani anaweza kukosa hata alama moja ya India katika mstari wa baba wala wa mama.

Haja ya kuuliza, hata hivyo, ipo. Kope kuanguka na misuli kuchoka kwa mtoto mchanga humfanya daktari afikirie ugonjwa niliousema wa CHRNE. Maabara ikiambiwa itazame herufi moja, inajibu upesi kuliko ikitafuta katika jeni nyingi. Upesi huo una faida: piridostigmini huwasaidia wengi wenye kasoro ya CHRNE, lakini kuna aina nyingine za ugonjwa huohuo ambazo dawa hiyo huzidisha udhaifu. Kuna pia ugonjwa mwingine unaopatikana kwa Waroma, wenye mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao na neva dhaifu, ambao wagonjwa wake wanaweza kupata matatizo makubwa wakipewa dawa za usingizi. Daktari wa upasuaji anahitaji kujua kabla ya kumlaza mtoto mezani.

Tatizo lilikuwa mpangilio na namna. Mngeanza na mtoto: hizi ndizo dalili, huu ndio ugonjwa tunaoufikiria, unatibika kwa kiasi kizuri, na kuna familia ambazo kasoro yake inajulikana. Kisha mwombe ruhusa ya kuuliza, mlango ukiwa umefungwa, bila foleni ya wanafunzi. Muulize familia inajiitaje; Ujerumani wengine ni Wasinti na hawataki kuitwa Waroma, na lile neno la zamani la Kijerumani, Zigeuner, lisitamkwe kamwe. Akisema hapendi kujibu, kipimo cha jeni nyingi bado kinawezekana, kitachelewa tu. Mweleze pia kwamba ugonjwa huu unamhitaji mtoto apate nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba wao wenyewe ni wazima.

Na mwambie haki yake, maana wengi hawaambiwi: sheria ya Ujerumani ya vipimo vya jeni, inayotumika tangu 2010, inataka ridhaa ya maandishi, maelezo kutoka kwa daktari, na sampuli iharibiwe kazi yake inapokwisha. Kama hospitali inataka kuiweka kwa ajili ya utafiti, hiyo ni karatasi nyingine, na anaweza kuikataa mtoto wake akaendelea kutibiwa vilevile.